Marejeleo huanza siku ya kusoma: jibu kwa mwalimu wa saikolojia

Mwalimu mmoja anayefundisha saikolojia katika shule ya kimataifa mjini Arusha, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Diploma ya IB (International Baccalaureate, mpango wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari), ameniandikia akieleza tabu ambayo walimu wengi wa somo hili wanaifahamu. Wanafunzi wake hukariri vizuri majina ya watafiti na miaka ya tafiti kwa ajili ya mtihani, lakini wanapoandika ripoti huorodhesha mwishoni anwani kadhaa za tovuti bila mpangilio, hunyofoa sentensi vitabuni na kubadilisha neno hapa na pale, na karatasi ya kanuni za kutaja vyanzo za APA, yaani Chama cha Saikolojia cha Marekani, aliyowagawia mwanzoni mwa muhula haijasaidia kitu. Muhula huu wanafunzi wawili wamewasilisha ripoti zilizotaja makala ambazo hazijawahi kuchapishwa popote, zilizobuniwa na programu ya akili unde. Anauliza aanzie wapi. Afanyeje ilhali maktaba ya shule haina majarida. Kama awaruhusu wanafunzi kutumia programu za kupanga marejeleo. Na awachukulie hatua gani wale wawili.

Mwalimu mwenzangu, ningeanza kwa kuiweka kando ile karatasi ya kanuni kwa majuma matatu au manne ya kwanza. Kanuni zina kazi yake na tutazirudia, lakini zinajibu swali ambalo mwanafunzi wako hajaliuliza bado. Yeye anaona koma, mabano na herufi za mlazo. Haoni kwa nini mtu mzima ajali vitu hivyo. Kwa hiyo huvichukua kama mapambo ya kubandika kazi ikishakwisha, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na kwa wakati huo hawezi tena kukumbuka alichosoma ni kipi na alikisoma wapi.

Andika ubaoni sentensi moja: maneno yaliyomo katika swali huweza kubadilisha kumbukumbu ya shahidi. Kisha uliza darasa maswali matatu. Nani alisema hivyo? Alijuaje? Aliwachunguza watu gani? Sehemu kubwa ya darasa itanyamaza, na ukimya huo una faida. Baada ya hapo wape habari za Elizabeth Loftus na John Palmer, ambao mwaka 1974 walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 45 wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi hao walionyeshwa filamu fupi za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Wengine waliulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana, wengine kwa kitenzi chenye maana ya kugusana tu, na wengine kwa vitenzi vya kati. Wastani wa makisio ulizidi maili 40 kwa saa kwa wale wa kitenzi kikali, na ulikuwa chini ya maili 32 kwa wale wa kitenzi chepesi. Sasa rudi kwenye sentensi ya ubaoni na umalizie kwa kuandika majina mawili na mwaka katika mabano. Darasa litaona kwamba yale mabano ni jibu fupi la maswali yale matatu: yanamwelekeza msomaji kwa watu maalumu, walioangalia watu maalumu, kwa njia inayoweza kukaguliwa. Zoezi hili lifanyike kila mara mwanafunzi anaposema "utafiti unaonyesha", hata akiwa anajibu kwa mdomo darasani.

Wanafunzi wako bila shaka wanauliza pia kwa nini mwalimu wa fasihi ya Kiingereza anadai mtindo wa MLA, wenye jina la mwandishi na ukurasa, ilhali wewe unadai jina na mwaka. Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwa sababu ndani yake mna tofauti ya msingi kati ya masomo hayo mawili. Mchambuzi wa tamthilia anataka kuurudia mstari fulani, na mstari huo hauchakai kwa kupita miaka. Katika saikolojia mwaka ni sehemu ya ushahidi. Ripoti ya John Bowlby ya mwaka 1951 kwa Shirika la Afya Duniani juu ya watoto waliotengwa na mama zao haiwezi kusomwa peke yake baada ya Michael Rutter kuyapima upya madai hayo mwaka 1972. Mwanafunzi anayeandika juu ya jaribio la jela la Stanford, ambamo vijana waligawanywa kuwa walinzi na wafungwa, lililochapishwa mwaka 1973, kisha akataja utafiti wa Stephen Reicher na Alexander Haslam wa mwaka 2006 uliofikia hitimisho tofauti, anamwonyesha msomaji kwa tarakimu chache tu ni nani alitangulia na ni nani aliyejibu. Waeleze hayo waziwazi. Waambie pia kwamba IB haimlazimishi mtu kufuata mtindo mmoja. Inachodai ni kwamba kila kazi ya mtu mwingine itambuliwe, kwa namna isiyobadilikabadilika na yenye taarifa za kutosha kumwezesha msomaji kuifikia. Wewe umechagua APA kwa sababu ni mtindo uliozaliwa ndani ya saikolojia yenyewe: ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba katika jarida la Psychological Bulletin, na leo toleo la saba la mwongozo wake, lililotoka mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji sehemu ndogo sana ya kurasa hizo.

Somo la pili ningelifanya kuwa somo la saikolojia kabisa, lisiloonekana kuwa somo la marejeleo. Mwaka 1989 Alan Brown na Dana Murphy walichapisha tafiti ambamo watu walikaa katika vikundi vidogo na kupokezana kutaja mifano ya kundi fulani la vitu, kama vile ala za muziki au wanyama wa miguu minne. Baadaye kila mmoja alitakiwa kukumbuka mifano aliyoitaja mwenyewe, kisha aongeze mipya ambayo haikuwa imetajwa na yeyote. Baadhi yao walidai kuwa yao mifano iliyokuwa imetajwa na wenzao, na wengine walitoa kama mpya mifano ambayo tayari ilikwisha kusikika, bila nia yoyote ya kudanganya. Jaribio hili linaweza kurudiwa darasani bila vifaa vyovyote zaidi ya karatasi. Fanya kipindi kimoja cha kutaja mifano huku mwanafunzi mmoja wa kila kikundi akiandika nani ametaja nini. Rudi baada ya siku kadhaa uwaombe wakumbuke. Kisha linganisheni na kumbukumbu zilizoandikwa. Sijawahi kuona darasa ambalo halikupata angalau mtu mmoja aliyeapa kwamba mfano fulani ni wake, na karatasi ikaonyesha ni wa mwenzake. Mshangao huo wa kujiona mwenyewe ukikosea hufanya kazi ambayo onyo la mwalimu haliifanyi.

Hapo ndipo pa kuwafundisha habari ya ufuatiliaji wa vyanzo, kama walivyoieleza Marcia Johnson, Shahin Hashtroudi na Stephen Lindsay mwaka 1993: kwamba akili haihifadhi pamoja na kila wazo lebo inayosema lilikotoka, bali hukisia asili yake pale tunapolikumbuka, kwa kutumia dalili kama vile uwazi wa picha au jinsi wazo linavyoingia kwa urahisi. Wazo tulilolisoma mara tatu huingia kwa urahisi sana, na wepesi huo huweza kutufanya tuamini kwamba ni letu. Ukishawafikisha wanafunzi hapa, sheria ya kwanza ya marejeleo haihitaji kuamriwa: chanzo huandikwa wakati wa kusoma, kwa kuwa siku ya kuandika ripoti kumbukumbu haiaminiki tena.

Kwa vitendo, namtaka kila mwanafunzi awe na daftari, au faili katika kompyuta, ambalo kila ukurasa wake unaanza na taarifa kamili za chanzo kabla ya neno lolote la maelezo: mwandishi, mwaka, jina la makala, jina la jarida au kitabu, juzuu, kurasa, na namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, kama ipo. Maneno yaliyonakiliwa kama yalivyo huwekwa ndani ya alama za mtajo papo hapo, na namba ya ukurasa pembeni. Maelezo ya mwanafunzi mwenyewe huandikwa kwa rangi nyingine. Nami sipokei rasimu ya ripoti kabla ya kuona daftari hilo. Sharti hili likishikiliwa bila kulegea, kunakili hupungua kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kunakili kwa wanafunzi wa umri huu hutokana na maandalizi yaliyochanganya maneno ya watu na maneno yao kiasi kwamba hata wenyewe hawawezi kuyatenganisha.

Sasa nije kwenye suala la vitabu vya kiada, ambalo naliona kuwa kiini cha swali lako ingawa hukulitaja kwa jina. Wanafunzi wetu husoma tafiti nyingi kupitia kitabu kimoja au viwili vya kiada na tovuti za muhtasari. Wakiandika, hutaja watafiti mashuhuri kama Milgram, Asch na Bandura kana kwamba wamewasoma, na hunakili marejeleo kutoka nyuma ya kitabu hadi nyuma ya ripoti. Wengi wetu tumelifumbia macho jambo hili kwa kuwa koma zilikuwa mahali pake. Kwa maoni yangu ni kosa zito kuliko kusahau herufi za mlazo, kwa sababu mwanafunzi anadai kuona kitu ambacho hakukiona, na kwa sababu habari za kuambiwa hupotoka njiani.

Mfano ulio bora kuliko yote niijuayo ni wa mtoto Albert. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walichapisha makala ya kurasa 14 kuhusu mtoto mchanga waliyemfundisha kuogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa mnyama huyo. Mwaka 1979 Benjamin Harris alichapisha uchunguzi wa namna habari hiyo ilivyosimuliwa katika vitabu vya miaka iliyofuata, akakuta imeongezwa, imepunguzwa na kupambwa: orodha ya vitu ambavyo Albert alivihofia ilibadilika kutoka kitabu hadi kitabu, na baadhi ya waandishi walifika mahali pa kusimulia jinsi Watson alivyomwondolea mtoto hofu yake. Makala ya mwaka 1920 inasema kinyume, kwamba mtoto aliondoka hospitalini kabla hilo halijafanyika. Mpangie kila mwanafunzi asome aya inayomhusu Albert katika kitabu chenu cha kiada na katika tovuti mbili za muhtasari, kisha asome makala ya Watson na Rayner yenyewe na kuorodhesha tofauti atakazozikuta. Kiingereza cha makala hiyo si kigumu. Mwanafunzi wa miaka 16 anaimudu kwa msaada kidogo.

Unaweza kuongeza piramidi ya mahitaji ya Abraham Maslow, ambayo wanafunzi huichora na kuandika chini yake mwaka 1943, ilhali makala ya Maslow ya mwaka huo haina piramidi yoyote. Mchoro huo uliingizwa baadaye na waandishi wa mambo ya uongozi wa biashara. Au kisa cha Kitty Genovese aliyeuawa New York mwaka 1964, ambacho vitabu vingi husimulia kwamba mashahidi 38 walitazama bila kufanya kitu. Mwaka 2007 Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walionyesha katika jarida la American Psychologist kwamba ushahidi uliopo haukubaliani na simulizi hilo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna mfano wa Mary Ainsworth. Karibu kila mwanafunzi anayeandika juu ya uhusiano wa mtoto na mlezi hutaja jina lake, na karibu wote humhusisha na utaratibu wa chumba cha uchunguzi alioutumia Baltimore, Marekani, na kuuripoti pamoja na wenzake mwaka 1978. Wachache hujua kwamba kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1950, aliwatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala, na kwamba kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Mwanafunzi anayeeleza alichokiona Ainsworth Uganda kisha akaweka mwaka 1978 katika mabano ametaja chanzo kwa umbo sahihi na maudhui ya uongo. Mwambie afuatilie kila kazi hadi mahali na washiriki wake, na atajifunza pia jambo la kisaikolojia, kwamba hitimisho lililopatikana kwa familia za Marekani haliwezi kuhamishiwa kwa familia za Afrika Mashariki bila ushahidi.

Umesema maktaba yenu haina majarida. Hili ni kweli kwa shule nyingi za eneo letu, wala si sababu ya kukata tamaa. Makala kadhaa za zamani ambazo mtaala unazihitaji zinapatikana bure katika tovuti ya Classics in the History of Psychology iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha York mjini Toronto. Humo mna Watson na Rayner wa 1920, Maslow wa 1943 na makala ya George Miller ya 1956 kuhusu uwezo wa kumbukumbu ya muda mfupi. Google Scholar, huduma ya kutafuta makala za kitaaluma mtandaoni, huonyesha pembeni mwa kila makala kama kuna nakala ya bure, mara nyingi iliyowekwa na mwandishi mwenyewe katika ukurasa wa chuo chake. Pale ambapo chanzo asilia hakipatikani kabisa, mfundishe mwanafunzi kusema kweli: ataje jina la Milgram na mwaka 1963, aeleze ndani ya mabano kwamba amemsoma kupitia kitabu fulani cha mwaka fulani, na katika orodha ya mwisho akitaje kitabu hicho peke yake. APA inaruhusu hivyo. Mimi humpongeza mwanafunzi anayefanya hivyo, na humwambia mbele ya wenzake kwamba ripoti yake ina heshima kubwa kuliko ile yenye vyanzo 15 ambavyo havijafunguliwa.

Kuhusu wale wanaonyofoa sentensi na kubadilisha neno hapa na pale, tumia faida ambayo walimu wa London au Chicago hawana. Wanafunzi wako wengi wanasoma kwa Kiingereza na kuongea Kiswahili wakiwa uwanjani. Mwache mwanafunzi asome aya, afunge kitabu, amgeukie jirani yake na kumweleza kwa Kiswahili utafiti ule ulifanywaje na uligundua nini. Jirani aulize mpaka aelewe. Ndipo mwanafunzi aandike kwa Kiingereza kile alichokieleza, na mwisho afungue kitabu kuhakiki usahihi wa tarakimu na majina. Muundo wa sentensi ya kitabu hauwezi kuvuka safari hiyo ukiwa mzima. Kinachofika upande wa pili ni maana peke yake, na kama hakuna maana iliyofika basi hakuelewa, nawe umejua mapema. Waeleze pia kwamba istilahi hazibadilishwi. Mwanafunzi anayehangaika kutafuta kisawe cha jina la kigezo huru au la kumbukumbu ya muda mfupi, kwa hofu ya kushtakiwa kunakili, anaharibu usahihi bila sababu. Na wote wasikie mara nyingi kwamba kueleza kwa maneno yako hakukuondolei wajibu wa kutaja chanzo: wazo bado ni la yule uliyemsoma. Nukuu ya neno kwa neno ibaki kuwa adimu katika ripoti za saikolojia, na ikitumika iwe na namba ya ukurasa.

Baada ya haya yote ndipo karatasi ya kanuni itolewe tena, ikiwa imepunguzwa hadi ukurasa mmoja. Waandishi wawili hutajwa wote wawili kila mara. Wakiwa watatu au zaidi, hutajwa wa kwanza na kifupisho cha kuonyesha wenzake, tangu mara ya kwanza. Kila kilichotajwa ndani ya ripoti kiwemo katika orodha, na kila kilichomo katika orodha kiwe kimetajwa ndani; orodha ifuate alfabeti. Kwa makala ya jarida, jina la jarida na namba ya juzuu huandikwa kwa herufi za mlazo, jina la makala halilazwi. Mwanafunzi akiweza kuandika rejeleo la Loftus na Palmer bila msaada, kuanzia majina ya ukoo hadi juzuu ya 13, toleo la 5, ukurasa wa 585 hadi 589, anaweza kuandika marejeleo mengi atakayoyahitaji katika miaka miwili hii.

Kuna mambo mawili ambayo kanuni za ukurasa mmoja huyasahau na ambayo wanafunzi wetu huyauliza. La kwanza ni majina. Wanafunzi humkata mtafiti Mholanzi Marinus van IJzendoorn vipande vipande, wakamweka chini ya herufi ambazo si zake, na wakikutana na mwandishi wa Tanzania mwenye majina matatu, au wa Ethiopia ambaye jina lake la pili ni la baba yake wala si la ukoo, hawajui waanze na lipi. Wafundishe kuangalia jinsi mwandishi mwenyewe anavyojitambulisha katika machapisho yake na kuifuata namna hiyo. La pili ni mazungumzo. Mwanafunzi aliyemhoji bibi yake au mwalimu wa malezi kuhusu namna watoto wanavyolelewa kijijini anaweza kumtaja ndani ya ripoti kama mawasiliano binafsi, pamoja na tarehe, lakini hamwingizi katika orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kwenda kuyapata mazungumzo hayo mahali popote. Sababu hiyo ielezwe, ili mwanafunzi asidhani kwamba neno la bibi limedharauliwa.

Programu za kupanga marejeleo ningeziruhusu, lakini baada ya mwanafunzi kuandika kwa mkono marejeleo kadhaa ya aina tofauti, yaani kitabu, makala ya jarida, sura ya kitabu chenye wahariri, na ukurasa wa tovuti. Zotero ni ya bure na inatosha kabisa. Inamzoeza mwanafunzi kuhifadhi chanzo siku aliyokisoma, na atakapoandika ile insha ndefu ya IB ya maneno 4,000 atashukuru. Ila programu hupanga kile ilichopewa. Tovuti ikiwa na taarifa zenye makosa, rejeleo litakuwa na makosa yaleyale yakiwa yamepangwa vizuri, na herufi kubwa mara nyingi hukaa mahali pasipostahili. Mwanafunzi ajue kwamba jina lililo juu ya ripoti ni lake, na makosa ni yake.

Akili unde ni suala jingine kabisa. Programu za aina hiyo hutunga sentensi inayofanana na sentensi zilizotangulia, na rejeleo kwao ni sentensi kama nyingine: jina linaloelekea kuwa la mtafiti, mwaka unaowezekana, jarida ambalo kweli lipo, juzuu na kurasa zinazoleta sura ya ukweli. Ndiyo maana mwanafunzi hudanganyika, na mwalimu pia. IB ilitangaza mwaka 2023 kwamba haitazipiga marufuku programu hizo, lakini maandishi yaliyotoka kwake lazima yatambuliwe ndani ya kazi na katika marejeleo. Kwa darasa lako pendekezo langu ni zoezi la ukaguzi kabla ya kila ripoti kupokelewa. Wanafunzi wabadilishane ripoti. Kila mmoja achague rejeleo lolote katika kazi ya mwenzake na alitafute kwa muda wa dakika kumi, kwa kuingiza namba ya DOI katika doi.org au kwa kuangalia orodha ya yaliyomo katika juzuu husika ya jarida. Akilipata, asome muhtasari na kuamua kama unasema kile ambacho mwenzake amedai. Zoezi hili hunasa makala za kubuni, na hunasa pia jambo linalotokea mara nyingi zaidi: makala iliyopo kweli ambayo haisemi hata kidogo kilichodaiwa.

Unaposahihisha, usianze na koma. Mwanafunzi anayerudishiwa ukurasa uliojaa wino mwekundu kwenye nukta na mabano hujifunza kwamba hayo ndiyo uliyoyajali. Soma kwanza ukiuliza kama kila dai linalohitaji chanzo lina chanzo. Pili, kama chanzo kilichotajwa kinalibeba dai hilo. Chagua marejeleo mawili katika kila ripoti na uyafungue mwenyewe, na darasa lijue kwamba unafanya hivyo. Alama za umbo ziwe chache, na zitolewe mwishoni.

Nimebakiza wale wanafunzi wawili. Kwa kuwa kazi hizo ni za darasani na hazijatumwa IB, bado una nafasi ya kuwafundisha. Kazi rasmi ikibainika kuwa na udanganyifu, mwanafunzi anaweza kunyimwa alama ya somo zima, na pamoja nayo Diploma. Muite kila mmoja peke yake, wala usianze kwa shutuma. Mwombe akuonyeshe daftari lake la usomaji, kisha atafute mbele yako makala tatu kati ya alizozitaja. Acha atafute hadi mwisho hata mkishajua nyote kwamba hazipo, maana wengine wanaamini kwa dhati kwamba programu ilikuwa imewatafutia na hawajui kwamba ilikuwa imetunga. Fuata sera ya uadilifu wa kitaaluma ya shule yako, ambayo kila shule ya IB inatakiwa kuwa nayo, na wazazi waarifiwe kama sera inavyosema. Kisha mpe mada ileile aandike upya, akianza na daftari na kuishia na ripoti. Asipewe mada mpya, kwa sababu anatakiwa aone mwenyewe ni madai yapi ya ripoti ya kwanza yanayosimama na ni yapi yanayoanguka akitafuta ushahidi wa kweli. Ripoti ya pili ikija na vyanzo viwili tu, ambavyo amevisoma na kuvitaja mahali vinapostahili, ipokee na uisahihishe kama ripoti nyingine yoyote.